Mtihani wa Kiongozi wa Kujitolea

Kila Jumamosi asubuhi, katika mitaa na vijiji vyetu vingi, huonekana mtu mzima mmoja uwanjani akiwa amezungukwa na watoto thelathini au arobaini. Huyo ni kiongozi wa skauti, au wa Girl Guides, au mwalimu wa timu ya watoto wa mtaa. Halipwi mshahara, na nauli huitoa mfukoni mwake. Lakini ukiyasikiliza yanayosemwa juu yake barazani, utadhani ameajiriwa na dunia nzima. Kwa kuwa matakwa yetu kwake hayana mwisho, tumeona yafaa leo yaandikwe kama mtihani, ili kila mwenye nia ya kujitolea ajue mapema yanayomngoja.

Muda ni saa mbili. Mtahiniwa ajibu maswali yote. Alama ya kufaulu ni 100 kwa 100. Ada, karatasi na kalamu ni juu yake mwenyewe.

Swali la 1, Hesabu: Una vijana 40, mahema matatu ambayo mawili yanavuja, kilo sita za unga, na sufuria moja uliyoazima kwa jirani. Walishe na walaze kwa siku nne. Rudisha salio pamoja na stakabadhi.

Swali la 2, Jiografia: Bila ramani wala dira, usiku, mvua ikinyesha, kipandishe kikosi chako mlima wa Uluguru na ukirejeshe Morogoro mjini kabla ya kengele ya shule. Kijana yeyote asilowe.

Swali la 3, Fizikia: Saa tatu asubuhi uwe kazini kwako, hospitalini na mwanao anayeumwa, na uwanjani na watoto wa wenzio. Onyesha njia uliyotumia.

Swali la 4, Uandishi: Andika barua ya kuomba uwanja kwa ofisi tano, ambazo kila moja itakuelekeza kwa nyingine. Ambatisha majibu ya ofisi zote.

Swali la 5, Malezi: Mtoto amekaa siku sita bila kuzungumza na baba yake. Kwa saa moja ya siku ya saba, mfundishe adabu, ukweli, bidii ya kazi na mapenzi ya nchi. Akikosea baadaye, eleza kwa nini kosa ni lako.

Swali la 6, Vitendo: Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu na atafika saa nane. Wapange watoto mstarini juani tangu saa moja. Hakikisha hakuna anayezimia, na kwamba wote wanaimba kwa furaha.

Atakayefaulu atapewa asante, kama muda wa ratiba utaruhusu.

Ndugu msomaji akicheka tutafurahi, lakini na akumbuke ni nani aliyetunga maswali hayo. Si wizara wala chama chochote cha vijana. Watungaji ni sisi: mzazi anayemwacha mtoto uwanjani asiulize tena mpaka jioni, ofisa anayezungusha barua, na mwandalizi wa sherehe anayewaona watoto kuwa ni mapambo ya barabarani.

Yafaa ieleweke kwamba kazi ya kuongoza vijana haikuanzishwa kwa ajili ya watu wa ajabu. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, alianza mwaka 1907 kwa kupiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Harakati hiyo ilipokua, ilionekana kwamba viongozi wake nao wanahitaji kufundishwa, na mwaka 1919 mafunzo yao yakaanza huko Gilwell Park. Maana yake ni kwamba kiongozi wa vijana hutengenezwa kwa mafunzo. Nasi hapa nchini tunalo fundisho letu wenyewe. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wengi waliosimama mbele ya madarasa ya kisomo hawakuwa walimu wa chuo. Walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma, wakaelekezwa, wakapewa vitabu, wakafundisha wazazi wao.

Hatari kubwa ya mtihani huu wetu si kwamba unawaonea watu wema, ingawa unawaonea. Hatari ni kwamba unawafukuza. Watu wema wakiisha kukimbia, nafasi hubaki wazi, na nafasi ikikaa wazi kwa muda mrefu hupewa mtu wa kwanza atakayejitokeza. Hapo hakuna tena anayeuliza maswali. Kwa hiyo yule aliyeulizwa mambo yasiyowezekana ameondoka, na huyu aliyeachiwa watoto wetu hakuulizwa hata yale ya lazima.

Na yako maswali ya lazima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, naye anastahili ulinzi. Basi anayetaka kuongoza watoto aulizwe: Ametoka wapi, na waliofanya kazi naye wanasemaje? Yuko tayari kufundishwa? Anakubali kwamba asikae peke yake faraghani na mtoto wa mtu, na kwamba kambini awepo mtu mzima mwingine? Hayo yakipata majibu mabaya, akataliwe hata kama ni hodari wa kupanda milima. Yakipata majibu mazuri, mengine yote atajifunza.

Upande wa pili nasi tufanye mtihani wetu. Mzazi atoe Jumamosi moja kwa mwezi asaidie uwanjani, hata kama ni kuchota maji. Mwajiri ampe ruhusa mfanyakazi wake anayekwenda kusomea uongozi wa vijana. Serikali ya mtaa itenge uwanja na iuandike, usije ukauzwa kabla watoto hawajarudi shuleni. Waandalizi wa sherehe wawaite watoto mgeni akiwa karibu kufika, na wawawekee kivuli na maji.

Maswali hayo hayahitaji muujiza, na kila mmoja wetu anaweza kuyajibu wiki hii. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakusema malezi hayo ni kazi ya mtu mmoja anayejilipia nauli.