Pompa ya Shimo Si Pompa ya Samaki

Kijana mumoja wa Rubaya alinisimamisha kisha ibada: "Pasta, tumechimba kiziwa cha samaki. Iko motopompa moja ya zamani ilikuwa inakausha shimo. Itatosha?" Nilimujibu: itapita kutosha, na shida ni hapo.

Nilishaanguka katika kosa hilo. Kwa kiziwa cha vijana wetu tulinunua motopompa ya inchi tatu, juu ya nguvu zake. Kila juma sadaka ikageuka esanse. Halafu barabara ikafungwa, esanse haikufika, maji yakashuka mpaka matope, na tukala tilapia wadogo kama vidole. Mama mumoja wa kanisa akaniuliza: "Lakini Pasta, ulipima kwanza maji yanayopotea?" Sikupima.

Basi wewe pima. Simamisha fimbo ndani ya maji, tia alama asubuhi, uangalie kesho yake saa ile ile, siku isiyo na mvua. Kama kiziwa ni metre 10 kwa 10, na maji yameshuka santimetre moja, umepoteza litre 1,000. Ni hizo tu unapaswa kurudisha. Motopompa ya inchi tatu inaweza kuzitupa kwa dakika moja ao mbili! Kupandisha litre 1,000 metre 10 juu, kazi yenyewe ni wati-saa 27. Pompa ndogo inapoteza mingi njiani, tuseme inaomba 100. Pano moja ya sola ya wati 100 inazipata kwa saa mbili tatu za jua zuri. Najua mawingu yetu ya Masisi: ongeza pano ya pili.

Dukani usidanganywe na karatasi. Inaandika urefu wa mwisho na wingi wa maji wa mwisho, lakini hivyo viwili havifiki pamoja. Kwa urefu ule wa mwisho, hata tone moja halitoki. Uliza: kwa metre zangu 10, litre ngapi kwa saa, na wati ngapi? Tena usibane tiyo. Tiyo nyembamba inakula nguvu.

Jambo lingine watu wa milima wanasahau. Pompa haivuti maji, hewa ndiyo inayasukuma. Kwa metre 2,000 hewa ni nyepesi, hata pompa kamilifu haipitishi metre 8 hivi za kuvuta. Wewe hesabu 5. Walikale, chini kule porini, wanapata zaidi. Kwa hiyo weka pompa karibu na mto, isukume kwenda juu. (Lakini ninyi wa mashimo, musiteremushe kamwe moteri ndani ya shimo. Gazi iliyo katika moshi wake inaua, na haina harufu.)

Mahali mto unaanguka kwa nguvu, iko mashini inaitwa belie. Mufaransa Montgolfier aliivumbua mwaka 1796. Haili esanse wala sola: maji mengi yanayoshuka yanasukuma kidogo kupanda, tak, tak, usiku na mchana.

Yule kijana nilimuuliza: chemchemi iko juu ya kiziwa ao chini? Akasema juu, ila shamba la jirani liko katikati. Basi aanze kuongea na jirani, kiisha ashike jembe achimbe mfereji. Motopompa aiuze.