Kinda wa Manungu: Msimpe Jina la Messi Kabla Hajacheza Mechi 50

Haya wadau, leo tuweke umbea pembeni kidogo tuongee kiutu uzima.

Kila dirisha la usajili likikaribia, simu zetu zinaanza kujaa klipu. Sekunde 30, singeli nyuma, kijana mwembamba anampiga chenga beki, anamrudia tena, anafunga. Chini pameandikwa "Moto wa kuotea mbali kutoka Turiani". Baada ya saa mbili mitandaoni tayari yupo Msimbazi, saa nne yupo Jangwani, ikifika jioni ameshaenda Ubelgiji. Mwenyewe muda huo yuko Madizini, anasubiri bodaboda imrudishe kambini.

Mimi leo sitaji jina la kinda hata mmoja. Majina yote kapuni. Siogopi mtu, ila hawa ni watoto wa watu, wengine hata miaka 18 hawajafika, na ninachotaka kusema ni kwamba majina yao tunayapandisha haraka mno. Wakubwa ambao mambo yao yako hadharani nitawataja bila shida.

Kwanza tuheshimiane kuhusu Turiani yenyewe. Kuna watu wanadhani huko Mvomero ni miwa tu na vumbi la matrekta. Jamani, Mtibwa Sugar wamechukua ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Mwaka 2018 walibeba Kombe la Shirikisho pale Arusha kwa kuwafunga Singida United 3-2. Timu yao ya vijana chini ya miaka 20 nayo imeshaonja ubingwa wa nchi. Hawa Wakata Miwa si timu ya kubahatisha. Wakashuka daraja 2024, wakapanda tena 2025. Na timu iliyotoka kupanda inahitaji vijana, tena inahitaji hela. Ndiyo maana msimu wa klipu umekuwa mkali kuliko zamani.

Sasa swali: tunampimaje kinda? Sisi tunampima kwa mdomo. Akipiga chenga mbili, ni Messi. Akikosa penalti, amelogwa.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli. Wengi wetu hatuuelewi na wala siwalazimishi. Lakini kwenye kupima makinda wana la kutufundisha. Miaka ya 1920 bosi mmoja wa St. Louis Cardinals, Branch Rickey, alichoka kunyang'anywa wachezaji na matajiri, akaamua kutengeneza timu ndogondogo za kulea wa kwake. Mfumo ule mpaka leo wanauita shamba. Shamba kabisa, kama la miwa! Kijana akisajiliwa hapelekwi moja kwa moja timu kubwa. Anapandishwa ngazi kwa ngazi, na akishindwa anarudishwa ngazi ya chini akajipange upya. Wengi hawafiki juu kabisa, na hilo kila mtu analijua tangu siku ya kwanza.

Maskauti wao wanatoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo ya kawaida. Lakini uhondo uko hapa: kwa kila kipaji wanaandika namba mbili. Ya kwanza ni alivyo leo. Ya pili ni anavyoweza kuwa akikomaa. Kijana anaweza kuwa 30 leo na 60 kesho, na bosi akisoma karatasi anajua kabisa kwamba ile 60 bado ni ahadi, haijawa mali.

Sisi tunaandika namba ya pili tu. Halafu tunamdai mtoto kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Na umaarufu hausaidii. Mwaka 1994 Michael Jordan, ambaye ameshabeba ubingwa wa NBA mara tatu, supastaa wa dunia nzima, alijaribu besiboli. Walimpeleka Birmingham Barons, timu ya ngazi ya chini. Akacheza mechi 127, wastani wake wa kupiga mpira ukawa .202, yaani kama mara mbili katika kila kumi. Hakupandishwa ligi kubwa. Viatu vyake vilikuwa vinauzwa dunia nzima, lakini namba ya leo ilikuwa inasema hapana. Kama Jordan aliambiwa asubiri, kinda wetu mwenye wafuasi elfu nne Instagram ni nani?

Basi na sisi tujaribu kupima kwa namba mbili. Ukienda kwenye uwanja wowote wa vijana, Manungu au kwingine, utakutana na watu watatu hawa.

Wa kwanza ni winga wa klipu. Mbio anazo, chenga anazo, nywele ameshaweka rangi. Namba yake ya kesho ni kubwa kweli, sibishi. Ila usimwangalie akiwa na mpira, mwangalie akiwa ameupoteza. Anarudi kukaba au anashika kiuno? Dakika ya 75 bado anakimbia? Beki akimpiga kiatu mara ya kwanza, mara ya pili anaomba tena mpira au anajificha pembeni? Majibu ya maswali haya hayamo kwenye sekunde 30.

Wa pili ni yule mnene wa kifua, straika wa timu ya vijana, mabao kibao. Huyu muulize umri. Simaanishi cheti, namaanisha umri. Kijana wa miaka 20 akiwatesa wa miaka 17, hajaonyesha kipaji, ameonyesha ndevu. FIFA walianza kupiga picha za MRI za mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, kwa sababu udanganyifu ulizidi. Na hata kama umri ni wa kweli, wapo waliowahi kukua. Wenzao wakiwafikia kwa mwili, wale mabao yanapotea. Kwa hiyo usihesabu mabao tu, hesabu amewafunga nani.

Wa tatu hana klipu. Ni beki au kiungo wa chini, hana mbwembwe, anapokea mpira, anatoa. Ana miaka 17 na anacheza na wa miaka 20 bila kuonekana mtoto. Makosa aliyofanya wiki iliyopita wiki hii hayarudii. Mimi hela yangu naweka hapa. Namba yake ya leo na ya kesho zinakaribiana, na hilo ndilo jambo adimu kuliko chenga.

Mfano upo, tena wa hapohapo Turiani. Dickson Job alikuwa na Serengeti Boys kwenye AFCON ya vijana chini ya miaka 17 kule Gabon mwaka 2017. Timu ile ilitoka sare na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa na Niger 1-0, nchi nzima ikalia. Job hakuruka kwenda Kariakoo wiki ile. Alikaa Mtibwa, akacheza ligi ya wakubwa, na Yanga walimchukua Januari 2021. Mwaka 2023 Yanga inafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, yeye ni mmoja wa mabeki wake. Kati ya Gabon na Jangwani ni zaidi ya miaka mitatu ya kusukumana na mastraika watu wazima. Sasa chukua kikosi kile cha Gabon, hesabu kwa vidole wangapi unawasikia leo. Vidole vitabaki.

Mwaka 2016 Simba walichukua watatu kwa mpigo kutoka Mtibwa: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Wote walikuwa wameshacheza Ligi Kuu. Kichuya akawapiga Yanga bao la kona ya moja kwa moja Oktoba mosi mwaka huohuo, mji ukasimama. Lakini nani alidumu zaidi? Mzamiru, ambaye hakuna aliyekuwa anamtengenezea klipu. Alikuwepo Simba ikibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Mbwembwe zinakufikisha mlangoni, kuendelea kukaa ndani ni kazi nyingine.

Hata Mbwana Samatta, ambaye kila wakala anamtumia kama chambo, hakupanda lifti. Simba, halafu TP Mazembe 2011, akakaa Lubumbashi miaka karibu mitano, ndipo Genk 2016, ndipo Aston Villa Januari 2020. Ngazi moja moja.

Najua utaniambia: "Wewe una kazi mjini, ndiyo maana unasema asubiri." Hoja hiyo naikubali. Mama anauza vitumbua sokoni, baba kibarua wa msimu wa miwa, na mtu amekuja na begi la hela. Nafasi hairudi, na goti la mtoto likipasuka kesho hakuna anayempigia simu. Klabu nayo ina mishahara ya kulipa. Kumwambia mtu kama huyo "vuta subira" ni rahisi ukiwa umeshiba.

Kwa hiyo mimi sisemi wasiuze. Nasema wauze kwa macho. Timu kubwa zetu zinaruhusiwa hadi wageni 12, na wale hawakuja kukaa benchi. Kinda wa miaka 18 anayetoka Turiani anaingia kwenye foleni nyuma ya mtu aliyenunuliwa kwa dola. Anapewa jezi, anapigwa picha, anasugua benchi msimu mzima. Mwaka wa pili anatolewa kwa mkopo akiwa hana pumzi ya mechi. Mwaka wa tatu tunaandika hapahapa "Yuko wapi yule kinda?" na kumcheka kwa gari alilouza. Aliyemuua kisoka hatumwandiki.

Wazazi, haya mambo matatu yashikeni, hayahitaji wakili. Moja, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Akija mtu na mkataba wa miaka mitano kwa mtoto wa miaka 16, mpe maji ya kunywa umsindikize. Mbili, mchezaji chini ya miaka 18 hahamishwi kwenda klabu ya nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Wakala anayeahidi Ulaya mwezi ujao kwa mtoto wa miaka 16, akitaka "hela ya viza" kwanza, huyo ni tapeli aliyevaa suti. Tatu, ukikubali aende timu kubwa, kiandikwe kabisa kwamba asipopata nafasi ndani ya nusu msimu atatolewa kwa mkopo mahali anapocheza. Dakika uwanjani zina thamani kuliko simu mpya.

Na klabu nazo zitunze makaratasi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya dau inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Ina maana mtoto aliyelelewa Manungu anaweza kuiletea Manungu hela miaka kumi baadaye, ilimradi usajili wake wa utotoni uko kwenye kumbukumbu. Klabu inayoandika vizuri haina haraka ya kumuuza kwa bei ya karanga.

Kipimo changu mimi ni kimoja, tena rahisi. Mechi 50 za wakubwa. Ligi Kuu ina mechi 30 kwa msimu kwa kila timu, kwa hiyo ni misimu miwili hivi, Championship nayo ihesabiwe. Ndani ya mechi 50 atafungwa tano, atazomewa, ataumia kifundo, atacheza kwenye tope, atawekwa nje na kurudishwa. Baada ya hapo ile namba ya leo inaonekana bila darubini. Watu wa Turiani wenyewe wanajua: muwa ukikatwa kabla haujakomaa, kiwandani unatoa maji mengi na sukari kidogo. Hakuna meneja wa shamba anayekubali ukatwe kwa sababu tu umependeza kwenye picha. Kwa nini mtoto tumkate?

Na sisi wa mitandaoni tuna sehemu yetu. Klipu tutume, raha ya mpira ndiyo hiyo. Lakini ukitaka kuandika "Messi wa Turiani", andika kwanza ana umri gani, amecheza mechi ngapi na amecheza na nani. Ukikosa majibu ya hayo matatu, andika tu kwamba umemwona kijana akapiga chenga nzuri. Inatosha, na hata yeye atalala vizuri.