UCHAMBUZI: Madai ya kichwa cha Otenyo yahitaji daftari

ZAIDI ya karne moja baada ya Otenyo Nyamaterere kuuawa, wazee wa Kisii na Nyamira wangali wanauliza swali lile lile: kichwa chake kiko wapi? Masimulizi ya jamii ya Abagusii yanashikilia kuwa shujaa huyo alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa Uingereza.

Chanzo cha kisa hiki chajulikana. Mwaka 1905, kikosi cha Waingereza kilivamia nchi ya Gusii kikiwa na bunduki ya Maxim. Mikuki na ngao havikufua dafu. Mwaka 1907 wakafungua kituo cha utawala Getembe, ambao ndio mji wa Kisii wa leo. Januari 1908 Otenyo, akihamasishwa na nabii Moraa Ng'iti, alimvizia ofisa wa utawala Geoffry Northcote na kumchoma mkuki.

Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipia mkuki huo ni wanavijiji, waliochomewa nyumba na kutekwa mifugo. Mauaji yalikithiri hata Winston Churchill, wakati huo naibu wa waziri wa makoloni, akalalamika kuwa watu 160 walikuwa wameuawa ilhali upande wa Waingereza haukuongezewa hasara yoyote.

Je, sheria za leo zinasemaje? Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa Septemba 2007, linatambua katika kifungu cha 12 haki ya kurejeshewa mabaki ya wafu. Kenya ilijizuia kupiga kura siku hiyo. Isitoshe, wapo watakaosema kuwa azimio hilo lilikusudiwa jamii ndogo kama Ogiek na Endorois, wala si Abagusii walio wengi na wenye magavana wao.

Hoja hiyo ina mashiko kisiasa, lakini kimaadili haisimami. Waliovamiwa mwaka 1908 walikuwa wenyeji katika ardhi yao, na haki ya kumzika ndugu haipimwi kwa wingi wa jamaa zake.

Kikwazo halisi ni ushahidi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Majirani Wanandi walirejeshewa fimbo tatu za kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka 2006, karne moja baada ya kuuawa kwake, kwa sababu zilifuatiliwa hadi kwa mwana wa ofisa aliyemuua. Njia yake ilikuwa na alama.

Kisa cha Mkwawa wa Wahehe chatoa onyo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irejeshe fuvu lake, lakini halikurudi Tanganyika hadi 1954. Gavana Edward Twining alilichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen kwa kutegemea vipimo. Hadi leo wapo wanaotilia shaka kama kweli ni lake.

Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023, alikiri ukatili wa enzi za ukoloni bila kuomba msamaha rasmi. Kungoja huruma ya London, basi, si mkakati.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho. Kaunti za Kisii na Nyamira zinapaswa kushirikiana kurekodi masimulizi ya wazee, kila moja likiwa na jina la msimulizi na la aliyemsimulia. Kisha watafiti wapekue majalada ya kikoloni yaliyoko Nairobi na London, na hatimaye makumbusho za Uingereza ziandikiwe rasmi zitoe orodha za mabaki ya binadamu zinayohifadhi. Likipatikana fuvu linaloshukiwa kuwa lake, vipimo vya DNA vya ukoo wake vitaamua.

Huenda upekuzi huo ukabaini kwamba kichwa hakikuvuka bahari kamwe, bali kimefukiwa papo hapo Getembe. Hilo nalo litakuwa jibu, na ukoo utajua pa kuweka kaburi. Lakini wazee wanaohifadhi habari hizi wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa anazikwa na ukurasa wa daftari ambalo bado hatujaliandika.