SEHEMU YA 6: KANISA KWENYE VIDEO YA BONGO FLEVA



Jana kliniki mama mmoja kaniambia kamchapa binti yake wa miaka 13. Alimkuta na simu ya kaka yake anaangalia "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu, na binti akauliza: "Mama, mbona wapo kwaya kanisani halafu yanakuwa mambo ya mapenzi?"

Swali zuri kabisa. Jibu likawa kibao.

Wengi mnaikumbuka. Mwaka 2022 TCRA ilizuia video ile isioneshwe kwenye vyombo vya habari kwa sababu ya hicho kipande cha kanisani. Lakini kufungia TV si kufungia memori kadi, na huku kwetu Ludewa nyimbo zinahamia simu hadi simu.

Mimi kipande kile sikukipenda (naimba kwaya, mnanijua). Ila nilijiuliza kwa nini kiliuma. Wangewaweka watu walewale sokoni wanauza viazi, nani angeshtuka? Uzito ni wa kanisa, na haukutoka studio. Umetoka kwetu: ubatizo wa watoto, mazishi ya wazee, bibi zetu na rozari zao. Msanii anauazima ili mapenzi yaonekane yana nguvu kuliko hata ibada. Madonna kule Marekani alifanya hivyo mwaka 1989 kwenye "Like a Prayer", misalaba inawaka moto, hadi Pepsi wakaliondoa tangazo walilofanya naye. Wakati mwingine ni dhihaka, wakati mwingine msanii anaonesha tu tamaa inavyomvuta mtu, jambo ambalo hata mchungaji analihubiri. Mtoto wa miaka 13 atatofautisha vipi peke yake?

Mwambie kwa maneno rahisi: "Wametumia kanisa kwa sababu wanajua tunaliheshimu. Wewe umeonaje?" Halafu nyamaza, msikilize. Hata akisema wimbo mtamu, usirukie fimbo.

Naongea kama nesi. Nimeshampokea binti aliyeficha mimba mpaka mwezi wa sita, hajahudhuria kliniki hata mara moja, damu imepungua. Nikamuuliza mbona hukumwambia mama? Akasema, "Kwetu ukiuliza mambo hayo unapigwa."

Yule mama wa jana nilimwomba akalirudie lile swali na binti yake. Aliniangalia tu, akambeba mdogo mgongoni, akaondoka. Mwezi ujao ana chanjo ya mtoto. Nitamuuliza.