Kinga ya mama si jeshi dhidi ya mtoto

Katika vitabu vyetu vya sayansi, na hata katika vipindi vya afya redioni, kinga ya mwili aghalabu huelezwa kwa lugha ya vita. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, viini vya maradhi ni maadui, na mwili mzima ni ngome iliyozingirwa. Sina ugomvi na sitiari hiyo inapozungumziwa surua au ndui. Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na kazi yangu ni kutazama jinsi maneno yanavyotuongoza kufikiri. Nashikilia kwamba maneno haya yanatupotosha vibaya tunapofika kwenye habari za mimba, na kwamba wapo wanaoumia kwa sababu hiyo.

Hebu tuanze na fumbo lenyewe. Mtoto aliye tumboni hupata nusu ya urithi wake kutoka kwa baba. Kwa mama, nusu hiyo ni ngeni, sawa na figo iliyotolewa kwa mtu mwingine. Figo kama hiyo hukataliwa na mwili pasipo dawa. Mbona mtoto akae miezi tisa? Swali hilo liliulizwa waziwazi mwaka 1953 na Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuwa amechunguza kwa nini ngozi ya kupandikizwa hukataliwa, na ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Miongoni mwa majibu aliyopendekeza ni kwamba mama na mtoto wametenganishwa, au kinga ya mama imezubaa. Kwa lugha yetu ya kijeshi: ama pana ukuta, ama askari wamelala.

Utafiti uliofuata umeonyesha jambo jingine kabisa. Seli za kondo la nyuma hazikai upande wao wa ukuta. Katika miezi ya mwanzo huingia ndani ya ukuta wa tumbo la uzazi na kukutana ana kwa ana na chembechembe za kinga za mama. Juu ya ngozi zao seli hizo huvaa protini zilizoteuliwa kwa makini. Hazina kabisa HLA-A na HLA-B, protini zinazowasumbua sana madaktari wanaopandikiza figo. Badala yake zina HLA-C, HLA-E na HLA-G, na hii ya mwisho ni nadra kupatikana kwingine mwilini. Chembechembe za mama nazo zina vipokezi vya kuzitambua protini hizo. Basi mtoto hajifichi. Anabisha hodi, na mwenye nyumba anamsikia.

Ni nani hasa anayesikia? Takriban asilimia 70 ya chembechembe nyeupe zilizomo katika utando wa tumbo la uzazi mwanzoni mwa mimba ni za jamii ambayo wanasayansi waliiita, katika miaka ya 1970, wauaji wa asili. Waliziita hivyo kwa kuwa zile zilizomo katika damu zilionekana zikiua seli za saratani bila kufunzwa kwanza. Jina likaganda, hata kwa ndugu zao wa tumbo la uzazi, ambao hawamuui mtoto. Wao husaidia kuitengeneza upya mishipa ya damu ya mama, ile myembamba iliyojipindapinda, ikawa mipana na kuweza kulijaza damu kondo la nyuma. Kwa kweli, wangeitwa mafundi wa mifereji.

Hapa ndipo sitiari ya vita inapovunjika. Kama kinga ingekuwa jeshi, mtoto angenufaika zaidi askari wakisinzia. Kumbe mambo ni kinyume. Mwaka 2004, watafiti wa Cambridge, akiwemo Ashley Moffett, walionyesha kwamba mama ambaye vipokezi vyake huelekea zaidi kuzituliza chembechembe hizo, akiwa na mimba ya mtoto mwenye aina ya HLA-C iitwayo C2, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu la mimba. Chembechembe zikitulizwa kupita kiasi, mishipa haipanuliwi ipasavyo, na kondo hukosa damu ya kutosha.

Wala jambo hili si la Ulaya peke yake. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake, waliwachunguza akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba kipokezi kinachowalinda wanawake wa huko ni kingine, KIR2DS5, ambapo kwa Wazungu kilichojulikana ni KIR2DS1. Lau tungaliridhika na matokeo ya Cambridge, tungaliwafunza wanafunzi wetu habari za miili ya watu wengine.

Sasa narudi kwa walioumia. Mwanamke mimba ikimharibikia, huambiwa, tena na watu wanaomtakia mema, kwamba mwili wake "umemkataa mtoto". Sentensi hiyo imetoka moja kwa moja katika sitiari ya jeshi. Inamfanya mama kuwa mshambulizi. Maradhi haya yana sababu nyingi, lakini katika hii moja tunayoijua, tatizo ni mwitikio hafifu mno, na limetokana na jinsi urithi wa watu wawili ulivyokutana, baba akiwa mmojawapo.

(Neno kondo lenyewe, msomaji atakumbuka, lina maana ya vita katika Kiswahili cha zamani. Wanafunzi wangu hupenda kuunganisha maana hizo mbili. Mimi huwaonya: kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba.)

Napendekeza tutumie sitiari ya mazungumzo. Nayo ni sitiari, na wanabiolojia watatukumbusha kuwa protini hazina ulimi. Lakini inabeba jambo ambalo vita haviwezi kulibeba, yaani kwamba pande mbili zinaweza kuwa na nia njema na bado zisielewane.

Walimu wa Kiswahili wanaofunza sajili ya hospitalini wanaweza kuanzia kwenye istilahi kifafa cha mimba. Jina hilo limetokana na degedege, ambalo ni hatua ya mwisho, likaziacha bila jina dalili zinazotangulia: shinikizo la damu lililopanda, protini katika mkojo, kichwa kuuma sana, uso na mikono kuvimba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba wanawake walio katika hatari kubwa wapewe na wahudumu wa afya aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, na waanzishiwe kabla ya wiki ya 20 ya mimba. Mama aliyefunzwa kungojea kifafa atakuwa ameipita wiki hiyo zamani.