Maji yasiyoisha yamenichosha

Nimekuwa adimu kidogo hapa kijiweni, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na muda mdogo uliobaki nimeumalizia kwenye gemu. Najua wapo watakaosema mtu mzima na gemu wapi na wapi. Subirini kwanza. Leo nina hoja, na hoja yenyewe inahusu maji.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka 11 alikuja kulala kwangu. Mtaani kwetu ilikuwa siku ya tatu bomba halitoi kitu, kwa hiyo tulikuwa tunaishi kwa kuhesabu ndoo: hii ya kupikia, hii ya kuogea, hii ya chooni, hii asiiguse mtu. Dogo alipomaliza kula akafungua laptopu yangu, akaingia Minecraft, akachimba kishimo cha mbili kwa mbili. Akamwaga ndoo moja kona hii, nyingine kona ya mkabala. Basi. Kishimo kikajaa. Akachota ndoo, kikajaa tena. Akachota tena, kikajaa tena.

"Unaona anko," akaniambia, "kwangu hakuna mgao."

Nilicheka sana. Halafu usiku nikakaa nikalifikiria jambo lile, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kunikera. Leo nalileta kwenu.

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Kuna gemu zenye hadithi, unaambiwa nenda pale, pigana na yule, umemaliza. Na kuna gemu ambazo hazina mwisho, unaachiwa dunia nzima uchimbe na ujenge unavyotaka, kama mtoto aliyeachwa kwenye lundo la mchanga nje ya nyumba inayojengwa. Minecraft ndiyo mfalme wa hizi. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2009 mikononi mwa Msweden Markus Persson, Microsoft wakainunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na hadi 2023 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Kila kitu humo ni tofali la mita moja kila upande. Sasa piga hesabu: tofali moja la maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1000, ile ile uniti moja unayoiona kwenye bili yako. Ndoo 50 za lita 20. Tani moja nzima. Na mhusika wa Minecraft anaibeba kwa mkono mmoja na kukimbia nayo. Si mchezo.

Hilo la uzito namsamehe. Kinachonikera ni kwamba maji yale hayana hesabu. Yakiwepo mawili ya chanzo pembeni mwa nafasi moja, la tatu linazaliwa lenyewe. Yanatiririka matofali saba kwenye tambarare halafu yanasimama, kana kwamba yameambiwa mwisho hapo. Ukiondoa chanzo, yote yanatoweka. Hayakuingia ardhini, hayakupanda hewani, hayakwenda kwa jirani. Na haya ni maendeleo! Kwenye matoleo ya mwanzo ya 2009 ukitoboa ukingo wa bahari maji yalikuwa yanajaza kila shimo hadi usawa wake bila bahari kupungua hata tone, ndiyo maana waliweka sponji za kuyazuia.

Nitende haki. Mafundi wale si wavivu. Dunia ya Minecraft ina upana wa matofali milioni 60 toka ukingo hadi ukingo, eneo ambalo ni kama mara saba ya uso wa dunia yetu hii. Kompyuta haiwezi kuibeba yote kwa wakati mmoja, inabeba vipande vilivyo karibu na mchezaji tu, vingine vimelala. Sasa ukitoboa bahari ambayo nusu yake imelala, ile nusu ipungue vipi? Aidha, wachezaji wengi wanayapenda maji yale kwa sababu hayabadiliki badiliki. Wanajua tofali moja la maji linalowesha shamba hadi hatua nne kila upande, wanajenga mashine za kusafirishia mazao juu yake, na mashine inafanya kazi leo na kesho. Maji ya kweli hayana utiifu huo hata kidogo.

Hoja hizo nazikubali. Nisichokubali ni pale watu wanapozungumzia "maji halisi" kwenye gemu wakiwa na maana ya maji yanayong'aa. Ingia YouTube uone: mtu ameweka programu ya nyongeza, mawimbi yanameta, jua linavunjika ndani ya maji, kila mtu anasema loo, kama kweli vile! Halafu mwenye video anachota ndoo kwenye ziwa na ziwa halishuki hata unywele. Hayo ni maji ya mapambo. Ni sawa na ile kalenda ya maporomoko ukutani. Kwangu mimi maji ni halisi yakiwa yanahesabika, na yakiondoka hapa yakalazimika kwenda pahala. Yawe hata ya rangi ya bluu isiyo na kivuli, sijali.

Ushahidi wangu ni Dwarf Fortress, gemu ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, iliyotoka mwaka 2006. Kwa miaka mingi haikuwa na picha kabisa, ilikuwa herufi na alama tupu kwenye kioo, hadi Desemba 2022 lilipotoka toleo la kuuzwa lenye vipicha. Humo unaongoza kijiji cha vibwengo wachimbaji wanaoishi ndani ya mlima. Kila nafasi ina kipimo cha maji kuanzia 1 hadi 7. Yakibaki 1 yanaweza kukauka. Na yana mgandamizo! Hili nililijua kwa gharama. Nilitaka kisima ndani ya ukumbi wa chakula, nikachimba mfereji toka mtoni, ukashuka chini, ukapita chini ya ukumbi, nikautoboa juu. Nikatulia nikisubiri kisima kijae. Kikajaa. Kikaendelea kujaa. Maji yalikuwa yanatafuta usawa wa mto, na mto ulikuwa juu ya ukumbi. Kijiji kizima kilizama kikiwa mezani.

Niliinuka kwenye kiti nikashika kichwa. Alama za bluu tu hizo, lakini hakuna wimbi linalometa lililowahi kunitetemesha vile. Baadaye nikajifunza kwamba ukipitisha maji kwenye upenyo wa mshazari mgandamizo unakufa. Ni kosa la kimahesabu la gemu yenyewe ambalo wachezaji wameligeuza kuwa ufundi. Mto wake nao hauishi, unaingia toka nje ya ramani, sitaficha. Na maji mengi yakitembea kwa pamoja kompyuta inachoka mpaka gemu inatambaa. Uhalisia una bei, na bei inalipwa na prosesa.

Halafu kuna Cities: Skylines ya Wafini wa Colossal Order, ya mwaka 2015, ya kujenga mji. Maji yake yamefanywa kwa hesabu nyepesi: kila kipande cha ardhi kinajua kina cha maji yaliyo juu yake na kinawapa majirani walio chini zaidi. Inatosha kabisa. Bomba la majitaka ukiliweka juu ya mkondo na pampu ya maji ya kunywa chini yake, mji wote unaugua. Ukiweka pampu nyingi kwenye maji yaliyotulia, pampu zenyewe zinaweza kuuvuta mkondo urudi nyuma, uchafu ukaja nao. Mimi nilijenga bwawa la umeme nikajiona mjanja. Chini ya bwawa mto ukakauka. Juu yake maji yakapanda taratibu, yakapita pembeni, yakaingia mtaa niliokuwa nimeujenga bondeni kwa sababu ardhi ilikuwa tupu. Kwa hasira nikalibomoa bwawa lote kwa mpigo mmoja. Msinicheke. Lile wimbi lilibeba mpaka barabara kuu.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana nilitumwa kuripoti ujenzi wa barabara sehemu moja ya bondeni, sitaitaja. Tuta lilikuwa limepanda juu kuliko milango ya nyumba za watu. Wenzangu waliuliza gharama na tarehe ya kukamilika, maswali yetu ya kila siku. Mimi nikajikuta nauliza: maji yaliyokuwa yanapita hapa sasa yataelekea wapi? Mhandisi akanitazama, akasema kuna makalvati. Nikauliza mangapi, na ya upana gani. Akasema nimwandikie barua. Nimeandika, jibu bado. Swali lile sikufundishwa chuoni. Nililipata kwa kuzamisha mji wa watu wa kompyuta.

Baada ya kuyafikiria yote hayo nikamfungulia dogo Timberborn, ya Wapolandi wa Mechanistry, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021 kabla haijakamilika. Unaongoza kijiji cha biva, wale wanyama wa Ulaya na Amerika wenye meno makubwa, wanaoziba mito kwa miti. Kiangazi kinakuja, chanzo cha mto kinakata kabisa, na unabaki na ulichohifadhi. Dogo akajenga bwawa pana sana, la kina kifupi, zuri kwa macho. Kiangazi kikaingia. Maji yakaanza kushuka, maana yanapotea hewani kwa kadiri ya upana wa uso wake, si kina. Mashamba yakakauka, halafu biva wakaanza kufa kwa kiu mmoja mmoja, na kila mmoja ana jina lake.

"Anko, hii si gemu," akaniambia, amekasirika kweli kweli. "Hii ni kazi."

Sikumbishia. Lakini aliianza upya mwenyewe, bila kuambiwa, na mara ya pili akachimba bwawa jembamba lenye kina kirefu. Biva wake walivuka kiangazi cha kwanza, cha pili, wakafia cha tatu. Usiku ule hatukuzima taa mpaka saa saba.

Jumapili kabla mama yake hajamfuata aliniomba arudi kwenye Minecraft. Nikamwambia cheza tu. Akachimba kishimo chake cha mbili kwa mbili, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, kama ndoo ishirini hivi bila sababu yoyote, anacheka peke yake. Na bomba letu wakati huo lilikuwa bado linatoa hewa. Sikuwa na la kumwambia.

Kama kuna anayejua gemu nyingine yenye maji yanayoisha, anidokeze. Ila isiwe inadai kompyuta ya bei ya bajaji.