MAMBO YA NYUMBANI: Kobe Hana Kilio

Mwezi uliopita tulinena habari za kuku na kideri. Mwezi huu twataka kunena habari za kobe, maana wako watu wamfugao, na wengi hawajui maradhi yake.

Hapa Naipingo kobe huonekana zaidi wakati wa kusafisha mashamba. Moto hupita, majani huteketea, na watoto humkuta katikati ya majivu. Humchukua nyumbani kwa huruma, wakamfungia jikoni na kumpa ugali. Huruma ni njema, walakini huruma isiyo na maarifa huua. Mbuzi akiugua hulia. Kuku akiugua huangusha mabawa. Kobe hana kilio. Aweza kudhoofika miezi mingi, na mwenyewe asema, “Hajambo, ametulia tu.”

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa kobe ni mnyama wa porini. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka wa 2009, hafugwi pasipo kibali. Basi ukimkuta mzima, mwache. Akiwa njiani, mvushe upande ule aliokuwa akiuelekea. Tena usimwinue kwa ghafula, kwa kuwa kobe huweka maji katika kibofu chake kwa ajili ya kiangazi. Akiogopa huyamwaga yote, akabaki na kiu mpaka mvua. Kama ameungua, mpelekee afisa wanyamapori wa wilaya.

Wala tusidhani kwamba kobe ni wengi, hawawezi kwisha. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, waliletwa kobe wakubwa 4 kutoka Shelisheli mwaka wa 1919. Walizaana, hata mwaka wa 1955 wakafika kama 200. Baadaye wezi waliwachukua kwenda kuwauza, na mwaka wa 1996 walikuwa wamebaki 7 tu. Ndipo walipojengewa ua na kuwekewa walinzi, wakaanza kuongezeka tena. Kobe hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo wachache wakiondolewa, pengo lao halizibiki upesi.

Sasa twawaambia wenye kibali. Kobe mkubwa wa nchi yetu, mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi, ni mla majani. Mpe nyasi za namna nyingi na magugu ya shambani yasiyopigwa dawa. Matunda yawe kidogo sana. Ugali, wali, mkate na dagaa havimfai. Hushiba, lakini gamba lake huota vibaya, na figo zake huharibika. Huko porini huguguna mifupa mikavu ili kuimarisha gamba. Basi nyumbani mpe maganda ya mayai yaliyopondwa. Yule mdogo mwenye bawaba nyuma ya gamba ana desturi nyingine: yeye hula pia uyoga, konokono na majongoo.

Mpe jua, maana pasipo jua gamba hulegea hata likabonyea kwa kidole. Mpe na kivuli, kwa sababu jua la mchana lisilo na kimbilio humwua, hasa akipinduka chali. Mpe sahani pana ya maji isiyo na kina, apate kunywa na kuingia ndani. Usiku wa baridi wa mwezi wa Juni na Julai, awe na kibanda kikavu chenye majani makavu.

Usitoboe gamba lake ili kumfunga kamba. Gamba si nguo aliyovaa. Ni mwili wake, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, nalo huhisi maumivu. Wala usilipake rangi wala mafuta.

Kila juma mtazame hivi. Macho yakiwa yamedidimia, ana kiu: mweke katika maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, muda wa dakika 20. Akitoa kamasi au povu puani, au akihema kinywa wazi, ni ugonjwa wa mapafu. Kobe hawezi kukohoa vema kama sisi, kwa hiyo makohozi humjaa ndani. Usingoje, mwite mganga wa mifugo siku ile ile. Tazama pia kupe shingoni na mapajani. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na watoto wanawe, maana kobe aliye mzima huweza kubeba vijidudu vya salmonela viletavyo kuhara.

Wahenga walisema, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kobe akikataa chakula siku kadhaa, hicho ndicho kilio chake. Mwenye macho na asikie kwa macho yake.